Mto Ngerengere: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Morogoro ni mji kasoro bahari, lakini maji haukunyimwa. Yanashuka Uluguru kwa vijito chungu nzima, na mto unaoyapokea mjini ni mmoja, Ngerengere. Kwa ukubwa ni mdogo tu, na kiangazi hupungua hadi mtu akashangaa kwa nini umejengewa madaraja marefu vile. Maswali yake, hata hivyo, hayaishi, na mengi yanahusu jina. Nimeyaweka hapa yale ninayoulizwa zaidi. Mengine yana jibu la mstari mmoja, na nimeyaacha hivyo hivyo.

Ngerengere ni mto au ni mji?

Vyote viwili, ila mto ulitangulia. Mji mdogo wa Ngerengere, mashariki ya Morogoro, unajulikana kwa stesheni yake ya Reli ya Kati, na reli hiyo kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Jina la mto lilikuwa limeshaandikwa mwaka 1871, miaka 36 kabla ya garimoshi.

Wenyeji hawachanganyi. Mtu akisema "nakwenda Ngerengere", anakwenda mjini, au kambini kwa wanajeshi. Akisema "nimevuka Ngerengere", huo ni mto. Anayepotea ni mgeni. Treni ya umeme ilipoanza kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, mpwa wangu alikuja kututembelea mara ya kwanza. Alikuwa amesikia nyumbani kwamba tunakaa Kihonda, mjini Morogoro, karibu na Ngerengere, naye akashuka Ngerengere. Akanipigia: "Shikamoo mjomba. Nimeshafika, lakini huyu bodaboda ananitajia nauli ya Kihonda, naona kama ananiibia." Nikamwambia hakuibii, mwanangu, umeshuka kituo kimoja kabla. Tangu siku hiyo kwetu tunasema "karibu na daraja".

Mto unaanzia wapi na unaishia wapi?

Unaanzia mteremko wa magharibi wa milima ya Uluguru, upande wa Mlali na Mzumbe. Unashuka kuelekea kaskazini mpaka bwawa la Mindu. Ukitoka bwawani unapita pembeni mwa mji, upande wa Mazimbu na Kihonda, halafu unakata kona kuelekea mashariki. Kuanzia hapo unakwenda sambamba na reli kwa mwendo mrefu, ukiacha nyuma mashamba ya mkonge ya Tungi, Kingolwira na Mikese, hadi Ngerengere yenyewe. Mwisho unaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoyafikisha maji Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo.

Ukiuchora kwenye karatasi unapata umbo la kulabu: unauzunguka mlima badala ya kuukimbia. Nami naona hapo ndipo penye utamu wa jiografia yake, kwa sababu Ruvu nao unatoka Uluguru huo huo, ila upande wa pili. Simama juu ya mgongo wa mlima, umwage kikombe cha maji kulia na kingine kushoto. Kimoja kitashuka kwa Ruvu moja kwa moja. Kingine kitapita Mindu, Kihonda, Mikese na Ngerengere, kisha vitakutana huko chini kwenye tambarare kana kwamba havikuwahi kuachana.

Mbona Ngerengere ni mwembamba wakati Ruvu umejaa, na mlima ni mmoja?

Mlima ni mmoja, mvua si moja. Upepo wenye unyevu unatoka baharini, unagonga Uluguru upande wa mashariki, unapanda, unapoa, unamwaga mzigo wake huko huko. Sehemu zenye mvua nyingi upande huo hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Milima yenyewe si ya mchezo: Lupanga, kilele kinachouangalia mji wa Morogoro, kina mita 2,138, na Kimhandu, ulio kusini zaidi, unapita mita 2,600. Upepo ukishavuka hapo umebaki mkavu. Magharibi na kaskazini, kwenye bonde la Ngerengere, ni kivuli cha mvua.

Ndiyo maana mtu wa Matombo, upande wa mashariki, akikwambia kwao mvua haijanyesha, ana maana ya wiki mbili. Mtu wa Mikese akisema hivyo, anazungumzia miezi.

Tawimto ni nini? Ni neno la Kiswahili kweli?

Ni neno la vitabuni, na ni zuri: tawi la mto. Mtaani hulisikii. Watu wanasema tu "unaingia Ruvu" au "unamwaga Ruvu". Kwa wanaopenda usahihi wa ramani, Ngerengere unaingia Ruvu kutoka ukingo wa kushoto, na kushoto huko ni kwa mtu aliyeelekea maji yanakokwenda. Ruvu una matawimto mengine, kama Mgeta, Mvuha na Mfizigo, lakini Ngerengere ndio unaopita katikati ya watu wengi zaidi.

Jina "Ngerengere" lina maana gani?

Kila baraza lina jibu lake, na majibu mengi ni ya aina ile ile: Mjerumani wa reli alimuuliza mzee jina la mahali, mzee hakuelewa swali, akajibu jambo jingine, Mjerumani akaandika. Hadithi hii utaikuta Tanzania nzima, kila mji una mzee wake asiyeelewa swali. Kwa Ngerengere haisimami. Wajerumani walianza kuitawala nchi hii miaka ya 1880, reli ikaja 1907, na jina la mto lilikuwa limeshaandikwa 1871. Kwa hiyo maelezo yoyote yenye Mjerumani au garimoshi ndani yake yatupe bila huruma.

Kinachobaki ni umbo la jina lenyewe, nalo linasema kitu. Lina nusu mbili zinazofanana: ngere, ngere. Kiswahili na ndugu zake wa Kibantu hupenda kurudia silabi kwa kitu kinachokwenda bila kukatika au kinachotoa sauti ya kujirudia, na maji ni mlengwa wa kwanza wa tabia hiyo. Sikiliza maneno yetu wenyewe: tiririka, bubujika, chemchemi. Mimi ningeanzia hapo kabla sijaenda kwa Mjerumani. Mto huu unapita kwenye nchi ya Waluguru, Wakami, Wakutu na Wakwere, na Wazigua nao walifika mpaka Morogoro. Jina la mto limepita vinywani mwa wote hao kabla halijafika kwenye ramani.

Kwenye maandishi ya zamani nimeona "Ungerengeri". Ni mto huu huu?

Ndio huu huu. Aliyeuandika hivyo ni Henry Morton Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871 akitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Ile "i" ya mwishoni ni sikio lake tu. Ile "U" ya mwanzoni nina dhana yangu: msafara ulikuwa unapita Ukwere, Ukami, Usagara, Ugogo, majina ya nchi yanayoanza na U yamepangana kama shanga, na mto ukaingizwa kwenye mkumbo huo. Ukisoma kwa sauti, "Ungerengeri" anakuwa Ngerengere aliyevaa kanzu ya mtu mwingine.

Yatamkwaje? Na "Ngelengele" ni kosa?

Ni "ng" ya *ngoma*, si ile ya *ng'ombe*, mara zote mbili. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ngere-NGE-re. Ama kuhusu "Ngelengele", si kosa la mtu asiyejua mto, ni r na l zinazobadilishana nafasi, jambo la kila siku katika lugha za huku. Ni mchezo ule ule unaowafanya wengine waseme Luvu badala ya Ruvu. Kwenye maandishi rasmi tumia r.

Kama Ngerengere ndio mto mkubwa wa mji, kwa nini mji unaitwa Morogoro?

Kwa sababu Morogoro nao ni mto. Ni kijito kinachoshuka kutoka Morningside, huko juu Uluguru, kinapita Rock Garden, kinashuka mjini, na mwisho wa safari kinaingia Ngerengere. Yaani mji mzima, na mkoa mzima juu yake, umebeba jina la mto mdogo kuliko tawimto tunalolizungumzia. Huwa nafurahi kulisema hili mbele ya watu wanaodhani majina makubwa hutoka kwenye vitu vikubwa.

Mji haukuitwa hivyo tangu mwanzo. Katikati ya karne ya 19 aliyeushika alikuwa Kisabengo, Mzigua, aliyejijengea ngome chini ya Uluguru palipopita njia ya misafara ya bara. Baada yake akatawala binti yake, Simbamwene, na wasafiri wakauita mji kwa jina la mama huyo. Stanley aliukuta na ukuta wa mawe wenye malango manne, akaustaajabia. Wajerumani walipokuja, jina lililoingia kwenye karatasi zao lilikuwa la kijito, wakaliandika "Mrogoro". O ya kwanza tukairudisha baadaye, au labda tulikuwa nayo siku zote na wao ndio hawakuisikia.

Ona mwenendo wake: Morogoro ulitoka mtoni ukapanda mjini, Ngerengere ukatoka mtoni ukapanda stesheni. Uluguru pekee ndio uliotoka kwenye mlima, maana neno la Kiluguru la mlima limo ndani ya jina hilo, na Waluguru ni watu wa milimani.

Ruvu na Kingani ni mito miwili?

Mmoja. Kingani ndilo jina utakalolikuta kwenye ramani na maandishi ya karne ya 19, hasa kwa sehemu ya chini, karibu na Bagamoyo. Watu wa pwani waliokuwa wanauvuka karibu na mdomo wake walikuwa na jina lao, na waliokaa juu walikuwa na lao. Mto mrefu hauna mtu mmoja anayeuona wote, kwa hiyo huzaliwa na majina mawili matatu, mpaka mchora ramani aje achague. Safari hii alichagua Ruvu.

Halafu kuna utata mwingine ambao ramani haikuutatua: Ruvu ya Kilimanjaro. Hiyo inatoka Ziwa Jipe, inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu inakokutana na Kikuletwa, na kuanzia hapo unakuwa Mto Pangani. Haina undugu wa maji na Ruvu yetu hata kidogo. Ukisoma habari ya mafuriko ya "Ruvu", angalia kwanza mkoa gani kabla hujapiga simu kwa ndugu.

Maji ya Morogoro yanakwenda Ruvu au Wami?

Ya mjini yanakwenda Ruvu, kupitia Ngerengere. Swali hili si la kijinga, maana mpaka wa mabonde hayo mawili uko karibu sana. Toka mjini kwa barabara ya Iringa: unapita Mindu, bado uko Ngerengere. Unapita Mzumbe, bado. Ukishashuka kwenye tambarare za Mkata, umebadilisha bonde bila kuona kibao. Maji ya huko yanaingia Wami, nao unamwaga baharini Saadani, mbali na mdomo wa Ruvu. Mabonde yote mawili yanasimamiwa na ofisi moja, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, iliyopo hapa hapa Morogoro.

Mindu ni mto?

Hapana. Mindu ni mlima na ni bwawa.

Basi bwawa la Mindu linajazwa na nini?

Na Ngerengere pamoja na mito midogo inayoshuka upande huo: Mlali, Mgera, Lukulunge na Mzinga. (Mzinga huu usiuchanganye na Mto Mzinga wa Mbagala, Dar es Salaam. Tuna upungufu wa majina kuliko wa mito.) Bwawa lilijengwa kufikia miaka ya 1980, na hadi leo ndilo chanzo kikuu cha maji ya bomba ya Morogoro.

Shida yake ni tope. Mlima ukilimwa hadi kwenye miinuko mikali bila matuta, masika inashusha udongo, na bwawa ndilo sufuria linaloupokea. Kila mwaka kina kinapungua kidogo, na maji ambayo lingeweza kuyashika yanapita juu. Wavuvi wa perege na kambale wa Mindu wanalijua hili bila kusoma ripoti: pale walipokuwa wanashusha nyavu kutoka kwenye mtumbwi, sasa kuna mahali wanashuka wenyewe wakatembea.

Kwa nini maji ya Ngerengere ni mekundu na ya kijito cha Morogoro ni meupe?

Yanategemea unayatazamia wapi. Nenda Rock Garden asubuhi, utayaona maji ya Morogoro yakiruka juu ya mawe, unaweza kuhesabu kokoto chini. Yafuate. Mjini yanapita nyuma ya nyumba, bustani za mchicha na matembele, na mahali watu wanapofulia. Yakifika Ngerengere ni maji mengine. Ngerengere wenyewe umeshapokea udongo wa mashamba, mchanga uliovurugwa na wachimbaji wanaojaza malori, na maji taka ya viwanda vya upande wa Kihonda. Wekundu ni udongo, na huo ungetulia ukiachwa kwenye ndoo usiku kucha. Kisichotulia kwenye ndoo ndicho cha kuogopa, kwa hiyo usiunywe.

Nimeuziwa kiwanja ukingoni. Kuna tatizo?

Lipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Chukua futi kamba uende mwenyewe. Aliyekuuzia atakwambia kipimo kilihesabiwa kutoka katikati ya mto, wakati wa kiangazi.

Ni kweli watu wa Dar es Salaam wanakunywa Ngerengere?

Ndiyo, ukiwa umechanganyika. Mitambo mikubwa ya maji ya Dar, Ruvu Juu na Ruvu Chini, inachota Ruvu sehemu ambazo Ngerengere umeshaingia. Mwishoni mwa 2022, ukame uliposhusha Ruvu na Dar ikaingia kwenye mgao, watu wengi ndipo walipogundua kwamba bomba la Sinza lina mwanzo wake Uluguru.

Bwawa la Kidunda linalojengwa kwenye Ruvu limepangwa kuhifadhi maji ya masika, kama mita za ujazo milioni 190, ili yaachiwe kiangazi. Lakini Kidunda iko juu ya mahali Ngerengere unapoingia. Kwa hiyo maji ya Ngerengere hayatahifadhiwa humo, na tope lake pia halitatulia humo. Yatafika kwenye mitambo kama yalivyotoka kwetu. Anayetaka kusafisha maji ya Dar angeanzia Mlali na Kihonda, ingawa mkutano wa kulijadili hilo naona kila mara unafanyika hotelini Dar.

Mazimbu ina uhusiano gani na mto?

Iko kando yake. Ndipo chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipopewa ardhi miaka ya 1970 na kujenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wapo watu wazima Afrika Kusini ambao Ngerengere ndio mto wa utoto wao.

Naweza kuuvuka kwa miguu?

Septemba, ndiyo. Sehemu nyingi maji hayafiki magotini. Masika ni habari nyingine. Stanley aliyeustaajabia ukuta wa Simbamwene mwaka 1871, aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yamebomoa upande wa mbele wa ukuta huo na kuondoka na nyumba. Mto ni huu huu unaouona Septemba umelala kwenye mchanga.

Karibu na kwetu kuna bibi mwenye bustani ya mboga ng'ambo ya mto. Machi hadi Mei, kila jioni akirudi, anachomeka kijiti pembeni, pale maji yanapoishia. Alfajiri anakuja na ndoo yake, anakitafuta kwa macho. Akikiona kimesimama pakavu, anapandisha kanga anavuka. Asipokiona, anageuka anarudi kulala. Hajawahi kuuliza utabiri wa hali ya hewa. Nilimuuliza mara moja kama mvua imenyesha mjini usiku ule. Akanijibu, "Mjini mwanangu hakuna kitu. Angalia huko," akanyoosha mkono kuelekea Mzumbe, ambako mlima ulikuwa hauonekani.